Jiwe la Mlangoni mwa Darasa la Tatu

Kulwa,

Ungekuwa umesafiri tu, uko Usagara kwa shangazi, ningeanza kwa kukuuliza umeamkaje, na mvua huko imeanza au bado. Sasa nikuulize nini.

Nimekaa nyuma ya nyumba, pale tulipokuwa tunafulia. Mtoto amelala mgongoni. Ni wa kiume, hukumwona. Alizaliwa mvua ikinyesha, tukamwita Mabula. Kila anayemwona anasema amechukua paji la uso lako. Mimi nasema ni paji langu, halafu nakumbuka kwamba ni kitu kilekile.

Watu bado wanashtuka wakikutana na mimi. Juzi Mabatini, pale ninaponunua mafuta ya kukaangia, mama mmoja aliyekuwa mteja wako alinishika mkono akasema, "Kulwa, ulipotelea wapi wewe?" Sikumsahihisha. Nilimwambia nipo tu, mama, kazi nyingi. Akafurahi sana. Nililipia mafuta yangu nikaondoka, na mpaka nafika nyumbani sikujua nilipita njia gani.

Nakuandikia kwa sababu ya shule. Imefungwa, dada. Nimeona nikwambie mwenyewe kabla hujasikia kwa watu wengine wanaokuja huko uliko.

Ulipoondoka lilikuwa neno la kunong'onwa tu, kwamba kiwanda cha samaki kinataka kupanuka. Ule ukuta wao ulikuwa umeshafika kwenye uwanja wetu wa mpira, unakumbuka, mpira ukirushwa upande ule haurudi. Baadaye wakaja watu na kamba na vigingi, wakapima kuanzia majini mpaka kwenye mwarobaini wa nyuma ya vyoo. Mwalimu mkuu alipowauliza wakasema wanapima tu. Mwezi uliofuata mwenyekiti wa mtaa akatuita, akatuambia kwamba manispaa imeona shule yetu ina watoto wachache na majengo yamechoka, inafikiria kuiunganisha na ile ya juu, upande wa pili wa barabara kuu.

Watoto wachache. Mama Nyangeta, yule Mjita jirani yetu, unamjua hana breki, akasimama akasema, "Wachache kwa sababu ya nani? Mnawarudisha nyumbani kila siku kwa ajili ya michango, halafu mnakuja kuwahesabu?" Watu wakacheka. Mwenyekiti mwenyewe alicheka. Lakini ndivyo ilivyokuwa. Tangu wanaume wapunguzwe kule kiwanda cha nguo, Masanja wangu akiwa mmoja wao, watoto wengi wameishia ufukweni wanapara sangara magamba.

Mimi nilikaa nyuma kimya, kama kawaida yangu. Ulikuwa mkutano wa kwanza wa shule bila wewe. Kila mtu aliyesimama kusema alikuwa anageuka kunitazama kidogo, kama anangojea kitu. Wewe ndiye uliyekuwa unasema, Kulwa. Tangu darasani. Mwalimu akiuliza swali unajibu wewe, akiniuliza mimi unajibu wewe, na kwa kuwa sura ni moja nilikuwa napata sifa za bure.

Lakini mimi nilikuwa na jambo langu moja kichwani, na jambo hilo lilikuwa Minza wako. Siku ile hospitalini, ulipokuwa huwezi tena kumeza uji, ulisema maneno machache na mengi sikuyasikia vizuri, ila hili nililisikia: "Minza amalize la saba." Nilikuambia atamaliza. Basi nikiwa pale mkutanoni nilikuwa napiga hesabu ya ule mguu wake uliopooza. Kutoka nyumbani mpaka shule yetu anafika mwenyewe na fimbo yake, anapumzika kwa Mama Nyangeta, anafika. Kwenda ile ya juu kuna ule mlima wa mawe, halafu kuna barabara yenyewe na magari ya mizigo. Hata wewe ungekaa kimya kwanza.

Tukakubaliana kupinga. Mzee Lubango, mwenyekiti wa kamati ya shule, akaenda mjini na wazee wengine, wakaonana na Bwana Elimu wa manispaa. Aliwapokea vizuri. Akasema hatafunga shule bila kuiona, atakuja Alhamisi akague mwenyewe masomo yanavyokwenda, akiridhika atatutetea. Mzee alirudi anatembea kama kijana.

Sasa sikiliza tulichokifanya.

Tulikaa kupanga mapokezi. Mwalimu mkuu, Mungu ambariki, alisema kwa sauti ndogo, "Nadhani watoto wangebaki darasani." Mzee Lubango akamtazama kwa huruma kabisa. Akamwambia, "Mwalimu, mgeni hapokelewi na mlango. Anapokelewa na watu." Mama Nyangeta naye akadakia, "Mtu mkubwa atoke mjini kwa ajili yetu, ashuke kwenye gari akute vumbi tu? Atasema hawa hawana adabu, shule ya nini." Na sisi wote tukaitikia. Hata mimi. Tungefanyaje kingine? Ndivyo tulivyolelewa. Baba alikuwa akisikia mgeni anakuja, anaenda kumngojea njia panda tangu asubuhi.

Alhamisi hiyo, Kulwa, ungeona. Watoto wamevaa safi, walioacha shule nao wamerudi, wamefua mashati na harufu ya samaki haijaisha. Tuliwapanga pande mbili za njia, kuanzia barabara kuu mpaka karibu na mnara wa maji, wameshika matawi. Vijana wa ngoma wamejifunga njuga. Kwaya ya darasa la sita ina wimbo mpya wa kumkaribisha. Wanawake tumepika wali na kuku nyumbani kwa Mzee. Walimu wako barabarani wananyoosha mistari. Na madarasa, kwa sababu ya mbuzi wa jirani wanaoingia kutafuna madaftari, tukayafunga kwa makufuli.

Minza hawezi kusimama muda mrefu. Nilimwacha shuleni, nikamwambia akae pale mlangoni mwa darasa lake, tukimwona mgeni tutakuja naye sote na atamwona vizuri kuliko sisi.

Tulisimama. Jua likapanda. Watoto wadogo wakaanza kulia, wakakaa chini, wakasimamishwa, wakakaa tena. Vijana wakapiga ngoma kidogo ili watu wasilale. Kila gari likichomoza watoto wanaimba, linapita ni la mkaa. Mama Nyangeta akasema, "Huyu mgeni anaoga bado."

Alikuja kupitia kiwandani. Alianzia kwa wale wenzake, wakamleta kwa gari lao kando ya ziwa, kupitia lile geti jipya kwenye ukuta. Alifika shuleni kwa nyuma na sisi tuko mbele tunamngojea. Akakuta makufuli kila mlango. Akakuta mtoto mmoja.

Haya nimeambiwa na Minza, na ilichukua muda mrefu mpaka akasema. Bwana Elimu alimsalimia vizuri tu. Akamuuliza wenzako wako wapi. Minza akasema wako barabarani. Wanafanya nini? Wanaimba. Wewe husomi? Minza akasema, "Leo hatusomi."

Basi. Akashukuru, akapanda gari, wakarudi kulekule walikotoka. Sisi tulijua mchana, mlinzi wa kiwanda alipopita na baiskeli akatuuliza mbona bado tuko pale na mkubwa ameshaondoka.

Wali tuliwapa watoto. Mzee Lubango alikuwa amevaa lile koti lake la kaki, akalivua, akalikunja mkononi kwa utaratibu, akaenda zake.

Wiki iliyofuata tulikwenda mjini, safari hii na wanawake. Masanja aliniambia nisiende. Alisema, "Wewe unakaanga mapanki ya hao wa kiwanda, utawasema kwa mdomo upi?" Na ni kweli. Nisikudanganye, wakishatoa minofu yao ya kupeleka Ulaya, yale mafuvu na mifupa ya sangara wanayobakiza ndiyo yaliyotulisha tangu apunguzwe kazi. Nilikuwa napanga foleni getini kwao kila alfajiri. Nikamwambia siendi kukisema kiwanda, nakwenda kuisemea shule. Akasema, "Wao watasikia tofauti hiyo?" Nikambeba Mabula nikaenda.

Ofisini Mzee Lubango alieleza kwa heshima zote. "Mheshimiwa, tulikuwa tunakungojea wewe. Watoto wote walikuwa kwa ajili yako." Bwana Elimu si mtu mbaya wa sura, ana mvi kidogo, anaongea taratibu. Akasema, "Mzee wangu, nilikuja kukagua masomo. Sikuja harusini. Nimekuta shule imefungwa siku ya kazi, na mtoto mwenyewe ameniambia kwa kinywa chake kwamba leo hawasomi. Mnataka niseme nini?"

Hapo nikasikia sauti yako, Kulwa. Nadhani ilikuwa yangu lakini ilitoka kama yako. Nikasema, "Shikamoo mzee. Huyo mtoto ni wangu." Watu wakageuka. Nikasema, "Ungemuuliza swali moja tu zaidi, kwa nini leo hamsomi. Angekujibu, kwa sababu unakuja wewe." Akanitazama. Nikasema, "Njoo tena Jumatatu. Pita njia yoyote unayoipenda. Hatutaimba."

Akapapasa kalamu. Akasema, "Mama, nitaangalia." Mama Nyangeta akanong'ona kwa nguvu kama anavyonong'ona yeye, "Ataangalia wapi na macho yake yako huku mjini?" Lakini tuliondoka na tumaini kidogo, maana hakusema hapana.

Jumatatu watoto wote walikuwa darasani. Ilikuwa kimya, dada, kimya ambacho sijawahi kukisikia shule ile. Walimu wanafundisha milango wazi. Sisi wazazi tulikaa mbali, kwenye mawe, ili tusionekane kama mapokezi. Hakuja. Jumatatu nyingine hakuja. Watoto wa ufukweni wakaanza kupungua tena mmoja mmoja, nani wa kuwalaumu. Kisha siku moja mwalimu mkuu akapiga kengele si wakati wake, akasimama kwenye paredi akawaambia watoto kwamba muhula huu ndio wa mwisho hapa. Mwalimu wa zamu akawaambia waimbe, hawakuimba.

Mimi nilipata yangu mapema zaidi. Getini kiwandani mlinzi, yule yule wa baiskeli, aliniambia kwa upole, macho yake chini, "Mama Mabula, wamesema wewe usipange tena." Nikamuuliza nani kasema. Akasema, "Mimi nimeambiwa tu." Sasa nauza mihogo ya kuchemsha pale stendi ndogo, na dagaa nikipata. Masanja hakunilaumu. Alisema tu, "Uliongea kwa mdomo wa marehemu," akaenda kutafuta kibarua cha kupasua mawe. Mikono yake sasa hivi ukiishika ni kama ya baba.

Kitu kilichoniuma kuliko vyote ni Minza. Alikuwa hali vizuri. Nilidhani ni malaria, nikampeleka kupima, hana. Siku moja nafua nguo, yeye ananipitishia maji, akasema, "Mama mdogo, mimi ndiye niliyefunga shule." Nilitupa ile nguo. Nikamshika uso. Nikamwambia mtoto hafungi shule, shule inafungwa na watu wazima wenye kalamu. Ulisema kweli, na aliyeulizwa na mkubwa husema kweli, hivyo ndivyo mama yako alivyokufundisha. Akasema, "Ningesema tunasoma." Nikasema, na makufuli je, ungeyafanyaje? Akafikiri, akacheka kidogo kwa pua, kile kicheko chako. Lakini anarudi palepale. Hata jana amerudi. Nitamwambia mpaka achoke yeye, mimi sichoki.

Lori la kuchukua madawati lilikuja asubuhi. Tulikuwa tumeshasikia. Kila mama aliingia akakaa kwenye dawati la mtoto wake, tukabanana humo na vitenge vyetu na watoto wa mgongoni. Mimi nilikaa lile la Minza, la tatu kutoka dirishani, na moyo wangu ulikuwa unaniambia nisogee kidogo nikupishe, kama zamani. Dereva akaingia, akatukuta. Akasema, "Mama zangu, mimi nimetumwa." Mama Nyangeta akamwambia, "Na sisi tumejituma. Kaa unywe chai." Akakaa kweli, akanywa chai ya mwalimu. Tulikaa mpaka jua likawa la utosi. Hakuna polisi aliyekuja, hakuna mkubwa aliyekuja, na hilo ndilo lililotuchosha. Unabisha na nani.

Aliyetuinua ni Mzee Lubango. Alisimama mlangoni akasema, "Wanangu, watoto watahamia kule hata iweje. Madawati yakibaki hapa, watakaa chini. Acheni yaende nao." Tukainuka. Tukayabeba wenyewe mpaka kwenye lori, dereva anatushukuru, sisi tunalia.

Shule ya juu wamemkubali Minza. Masanja amemfungia kiti cha mbao nyuma ya baiskeli, anampeleka asubuhi kabla ya kwenda kwenye mawe, mchana namfuata mimi. Wengi wa wenzake hawakwenda. Mtoto wa pili wa Mama Nyangeta yuko ufukweni, na mama yake siku hizi hana maneno mengi.

Lakini siku ya kwanza tulipofika, tukakuta kitu ambacho hatukukifikiria. Yale madarasa yamejengwa juu kwenye mteremko, na mlangoni hakuna ngazi, kuna kimo tu cha kuruka. Watoto wengine wanaruka. Minza alisimama mbele yake. Akaweka fimbo kando. Akaweka mikono miwili sakafuni akajivuta kama anapanda mwamba, gauni limemfunuka, darasa zima linatazama. Nilipotaka kumnyanyua akasema bila kugeuka, "Usije, mama mdogo."

Nilirudi nyumbani kwa miguu nikapitia shuleni kwetu. Walikuwa wameshaanza kubomoa. Mabati yamekwenda, kuta za la kwanza na la pili ziko chini. La tatu lilikuwa bado limesimama nusu. Na mlangoni lile jiwe lipo.

Unalikumbuka. Tulipokuwa tunajenga darasa lile kila mwanafunzi alikuwa haingii paredi bila jiwe la kutoka mlimani. Wenzetu wanaokota ya kubeba mkono mmoja. Wewe ukaliona lile bapa, pana kama sinia, ukasema hilo. Nikakwambia Kulwa hilo ni la watu wazima. Ukasema, "Sisi ni wawili kwa mmoja." Tukalifunga kwenye khanga ya mama, wewe mbele mimi nyuma, tukashuka nalo mlima mzima, tukachelewa, tukachapwa. Fundi alipoliona alicheka akasema hili haliwezi kuingia ukutani, litakuwa la kukanyagia. Na wewe ukasema afadhali, ukutani lingepotea.

Nikaenda kwa msimamizi wa wabomoaji. Kijana tu, wa Mwanza hapahapa. Nikamwambia naomba jiwe lile. Akaangalia huku na huku, mawe yamejaa uwanja mzima. Akasema, "Mama, mawe yote haya, unataka lile lenye kazi?" Nikamwambia ndilo langu. Hakuuliza zaidi. Akatoa vijana wawili na mtaimbo, wakaling'oa. Chini yake kulikuwa na kamba ya kurukia ya mtoto, imeoza.

Masanja aliazima mkokoteni. Tulilipandisha ule mlima Jumamosi, yeye anavuta, mimi nasukuma, Mabula mgongoni, Minza nyuma na fimbo. Mzee Lubango akatukuta njiani, akavua lile koti lake akasukuma naye. Mwalimu mkuu wa kule, mama mmoja mkali, akatoka akasema, "Sisi hatujaomba jiwe." Nikamwambia, "Shikamoo mwalimu. Ni la mwanafunzi wako, kaja nalo kutoka shule yake." Akalitazama, akamtazama Minza na mguu wake. Akaingia ndani. Tukadhani amekasirika. Akatoka na jembe.

Tumelilaza mlangoni, tumelishindilia kwa changarawe. Minza akakanyaga, mguu mzima kwanza, halafu ule mwingine, akawa ndani. Akageuka akatutazama kutoka kule juu. Hakucheka. Alisema tu, "Halitikisiki."

Sikuambii kwamba imekuwa sawa, Kulwa. Haijawa. Shule yetu ni kifusi, na harufu ya samaki imefika mpaka mlangoni kwetu. Nimechoka kiasi kwamba siku nyingine nakaa chini kumenya mihogo nasahau nilikuwa nafanya nini. Ila Jumatatu asubuhi nitampeleka mimi, na nitakapomsikia Minza akikanyaga lile jiwe, nitajua kwamba wewe uko mbele na mimi niko nyuma, kama siku ile ya khanga.

Lala, pacha wangu. Nisalimie mama na baba, waambie Mabula anaota meno. Minza atamaliza la saba. Nilikuambia hivyo ukiwa unasikia, na leo nakuambia tena.

Ni mimi,
Doto